Karibu, Mwenye Vumbi

Isevya, Tabora
Novemba

Dada Tunu, gemu la Shamila limekubaliwa! Kampuni ile ya Nairobi imesema ndiyo, bila lakini, na kuanzia mwakani litachezwa mpaka nchi ambazo wenyewe hawajui Tabora iko upande gani wa dunia. Haya, nimekwisha kulisema. Lingekaa kifuani mpaka mwisho wa salamu lingenipasua.

Sasa nisalimie kama mtu aliyelelewa. Shikamoo dada yangu. Habari za Ujiji, habari za goti lako, habari za shemeji na mawese yake? Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa, maana mambo niliyonayo hayasomwi mtu amesimama. Sisi huku tu wazima. Baba Shamila anakohoa, lakini ni vumbi la mninga tu. Ana vitanda vya watu wa harusi, na barakoa niliyomnunulia ameitundika ukutani kama picha. Mvua ya kwanza imenyunyiza mara moja ikaenda zake. Michembe ya viazi vitamu ninayokuletea aliikausha shangazi wa Goweko. Nimempa kijana wetu Uwesu aje nayo kwenye treni pamoja na barua hii, na kifuko nimekishona mdomo kwa mkono wangu, kwa hiyo ukikikuta kimefumuliwa utajua ni nani.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Dada, wewe simu unaishika mbali na sikio kama kaa la moto, halafu unaniambia sisikiki. Na tena habari hii ina mahali pake pa aibu, na aibu ni afadhali kuiandika kuliko kuisema. Nitafika hapo polepole, usiruke mistari.

Nianze na gemu lenyewe, maana najua utasomewa barua hii mbele ya mashoga zako na watauliza. Si yale ya kupigana risasi wanayocheza vijana stendi. Shamila na mwenzake wamelipa jina la Mguu wa Ujiji. Ndani yake kuna binti wa zamani za misafara, amejitwika kibuyu cha asali, anatoka hapa Tabora kwa miguu anampelekea dada yake aliyeolewa Ujiji. Ndiyo, dada, usijifanye hujaelewa. Njiani anakutana na misafara ya pembe, na minyororo anaiona, hawakuificha. Shamila alisema njia ile haiwezi kusimuliwa kwa asali peke yake. Jua likizama binti atafute nyumba ya kulala, Usoke, Urambo, Uvinza, na kila nyumba lazima apige hodi. Wewe unayecheza umeshika kitu kinaitwa pedi, unabonyeza, binti anapiga hodi kwenye TV.

Sasa sikiliza ujanja wa mwanangu. Mashine waliyoanza nayo ilikuwa ya zamani, nzito. Kabla binti hajaingia nyumba yoyote, mashine ilikuwa lazima ikailete nyumba nzima kutoka kwenye diski yake: kuta, vyungu, moto, wenye nyumba na mbuzi wao. Wenyewe wanaita kulodi. Magemu ya wengine yakilodi picha inaganda, kiduara kinazunguka katikati ya TV, mashine inanguruma kama ya kusaga mahindi, na wewe umekodoa macho tu. Shamila akasema wao hawataweka kiduara, wataweka mlango. Mchezaji atapiga hodi, mwenye nyumba atajibu kutoka ndani, na atakayengoja nje atadhani anamngoja mwenye nyumba, kumbe anaingoja mashine. Kwa hiyo ikatakiwa sauti ya mwenye nyumba. Na ndani ya Tabora nzima, dada, na wasomi wake na watangazaji wake, sauti iliyochaguliwa ni yangu.

Waliniingiza stoo wakaning'iniza mablanketi ukutani ili kuku wasisikike. Wakaniambia nijibu hodi ninavyojua. Mimi nikafumba macho nikajibu kama mama: Karibu mwenye vumbi, ngoja nikutandikie! Unaikumbuka? Unakumbuka alivyokuwa hafungui hata siku moja bila kutukimbiza kwanza, wewe mkeka, mimi maji ya miguu, na mtu huko nje akinung'unika, mama alikuwa akisema hodi ni ya mgeni lakini muda ni wa mwenye nyumba. Kwenye gemu ilitoka hivyo hivyo. Binti anapiga hodi, mimi najibu, mashine inatandika, mlango unafunguka. Niliposikia mara ya kwanza nililia, na Baba Shamila, unamjua hasemi, akasema kumbe sauti ile ndiyo anayoisikia kila siku bure.

Sikukaa kimya, sitakudanganya. Niliwaambia sokoni, niliwaambia madrasa, niliwaambia Kigwa kwenye msiba wa mzee wa watu kabla hata maiti haijatoka. Baba Shamila alisema nimekuwa redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Lakini nani angenyamaza? Mimi mwanamke wa darasa la saba, nimo ndani ya mashine nakaribisha wageni!

Sasa huyo mwenzake Shamila anaitwa Kaneza. Kwao Ulyankulu, wale ambao wazee wao walitoka Burundi. Ni Wakatoliki, baba yake alikuwa mkulima wa tumbaku, sasa ni marehemu. Walijuana chuoni na Shamila, wakarudi wote wakapanga meza zao kwenye chumba chetu cha uani. Shamila anachora na kutunga hadithi, Kaneza ndiye anayeiagiza mashine ifanye nini. Mimi sina ubaguzi, dada, unanijua, nimempikia yule binti kama wangu. Lakini ni mtu wa kimya. Anakula kimya, anashukuru kimya, anapita uani kama kivuli cha mwewe. Na mtu wa kimya mimi namwekea jicho, maana anayesema nitajua anawaza nini, asiyesema je?

Mwezi wa tisa kampuni ikawaletea mashine mpya. Nyeupe, ndefu, baridi, haina hata mlio. Wakasema gemu sharti lichezwe kwenye hiyo, ndiyo inayonunuliwa sasa. Mimi nikaona hiyo ndiyo siku ya kuwaalika watu. Nikaita kikundi chetu chote cha akina mama, na Bi Shamimu jirani nikamkalisha mbele kabisa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisema sokoni kwamba habari ya sauti nimeiota. Nimepika visheti, nimevaa ile doti uliyonipa. Shamila akabonyeza, binti akafika Usoke, akapiga hodi.

Mlango ukafunguka paa! Sauti hamna. Binti akajiingilia kwenye nyumba ya watu kama mbuzi.

Nikasema labda ni nyumba ile tu. Wakampeleka Urambo. Hodi, paa, yumo ndani. Uvinza vilevile. Bi Shamimu akanigeukia taratibu, akaniuliza kwa sauti ile yake iliyopakwa asali kama siku ile ya kurekodi nilikuwa na mafua, au nilinong'ona. Wenzake wakaangalia visheti. Dada, nilitamani stoo ile na mablanketi yake iniangukie.

Walipoondoka nikamwuliza Kaneza sauti yangu iko wapi. Akanijibu bila kupepesa kwamba haijatolewa, ila mashine imekuwa na mbio. Akanieleza kwa wapagazi, ili nielewe. Akasema mashine ya zamani ni kama mtu ambaye ghala lake liko mbali, na mpagazi wake ni mmoja tu, mzee. Ukitaka nyumba, mzee aende alete ukuta, arudi alete chungu, arudi tena alete mkeka. Hii mpya ghala lake liko hapo hapo mkononi, halina kitu kinachozunguka ndani, na wapagazi ni msafara mzima wanaofika kwa pamoja. Nyumba inakuwa tayari kabla binti hajamaliza kupiga hodi. Na sauti yangu ilifungwa pamoja na kungoja. Kungoja kukiisha, sauti nayo inakatwa, hata mdomo sijafungua.

Nikamtazama. Nikamwambia nimeishi miaka yangu yote nikiona vitu vikiharibika kwa kuchelewa, sijaona kilichoharibika kwa kuwahi. Wali hauungui kwa kuiva upesi. Shamila akacheka akasema mama, ndivyo ilivyo. Kicheko kile nacho nikakiweka pembeni, nikajiambia, huyu mtoto kashawishiwa.

Kuanzia hapo nikaanza kuangalia. Nikipeleka chai chumba cha uani, Kaneza anafunika laptopu. Nikipita dirishani, anaongea Kirundi kwenye simu na anashusha sauti, kana kwamba mimi Kirundi nakijua. Siku moja akanikuta napepeta mchele akakaa kwenye kibao karibu yangu, yeye ambaye hakai, akaanza kuniuliza habari za mama. Mama alikuwa akikawia kiasi gani kabla ya kufungua? Na je, mtu akiingia kabla hajaambiwa, angekuta nini ndani? Nikamjibu kwamba angekuta mkeka umekunjwa, mitungi mitupu, watu wamekaa ovyo, na angeondoka na njaa yake, maana hajakaribishwa. Akainuka akaenda zake upesi, na nikamsikia anachapa mle chumbani kama mvua juu ya bati. Nikajua. Huyu anachukua mambo ya mama yetu kidogo kidogo, kesho ataambiwa hongera yeye.

Lililonimaliza ni simu ya Nairobi. Shamila alikuwa amekwenda Dar es Salaam kwa ajili ya kikao na wakubwa wa kampuni, Kaneza yuko peke yake, simu ameiweka sauti ya nje, na mimi nilikuwa naanua nguo. Sikuwa najificha, nguo zangu ziko karibu na dirisha lile siku zote. Bwana mmoja alisema kwa Kiswahili cha haraka kwamba wachezaji hawapendi kungoja, wamenunua mashine mpya ili wasingoje, kwa hiyo milango yote iondolewe na ile sauti ya mama iondolewe. Nikangoja nimsikie Kaneza anatetea. Akasema nimeelewa. Basi. Nimeelewa! Ubwabwa wangu wote ule tumboni mwake, na jibu lake ni nimeelewa.

Sikumngoja Shamila. Niliingia chumbani nikamwambia Kaneza kwamba meza ile ni ya mbao za mume wangu na umeme ni wa nyumba yangu, na sauti wanayoitoa ni ya mama yangu mzazi aliyelala makaburini, na mimi simtaki tena uani kwangu mpaka mwanangu arudi. Hakubisha. Macho yalimjaa machozi, akakusanya nyaya. Asubuhi nikaenda kufagia chumba nikakuta hayupo, na mashine mpya haipo.

Nikapiga kelele mpaka Baba Shamila akaja na randa mkononi. Nikamwambia binti wa watu ametuibia, gemu limekwenda. Akasema mtu uliyemfukuza lazima aondoke na kazi yake, alitaka aifanyie wapi, barabarani? Nikamwambia hajui wanawake. Nikampigia Shamila, hapokei, yuko kikaoni. Nami ndani ya kichwa changu nilikwisha kuona yote: Kaneza yuko kwao, amemkalisha mama yake mbele ya kinasa sauti, anaitoa sauti ya mama yetu na kuweka ya kwao. Nikajifunga kanga, nikachukua gari la Ulyankulu.

Vumbi la njia ile sasa ni mpaka kifundoni. Nilishuka, nikauliza kwa kina Kaneza, nikaoneshwa nyumba ya matofali ya kuchoma yenye ua wa mkonge. Na hapa, dada, ndipo pale pa aibu. Pumua.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Nikasikia TV ndani. Nikasema nikipiga hodi watazima, watafunika, kama alivyokuwa akifunika laptopu. Nataka niwakamate mkono uko ndani ya chungu. Basi mimi, Mwanahawa, mtoto wa mama yule yule, niliyewapigia kelele mji mzima kwamba sauti ya kukaribisha imeondolewa na watu wataingia majumbani mwa wenzao kama mbuzi, mimi nikausukuma mlango wa watu nikaingia. Bila hodi.

Mama yake, anaitwa Bi Stela, alikuwa amekaa chini kichwa wazi, mguu mmoja wenye kidonda amenyoosha hauna nguo, kwenye mapaja ana sahani ya michembe na mkononi ameshika pedi. Kaneza amepiga magoti karibu na TV. Wote wawili wakanigeukia. Bi Stela akavuta kitenge afunike mguu, hakimfikii, michembe ikamwagika. Akawa hajui ashike kichwa au mguu. Mtu mzima mwenzangu, dada, ndani ya nyumba yake, anahangaika kujisitiri kwa ajili yangu. Na mimi nimesimama katikati, vumbi mpaka magotini.

Ndipo TV ikasema: Karibu mwenye vumbi, ngoja nikutandikie!

Sauti yangu. Yote, haijakatwa hata kipande. Sijawahi kutukanwa vile, dada, na aliyenitukana ni mimi mwenyewe kwa wema.

Bi Stela akasema kitu kwa Kirundi. Kaneza akainamisha kichwa hataki kutafsiri. Mama yake akarudia. Ndipo Kaneza akasema kwa sauti ndogo kwamba mama anamwomba mgeni atoke, apige hodi.

Nikatoka. Nikaurudishia mlango. Jua lilikuwa la utosi, mtoto wa jirani na kuku wake wananitazama, na mimi nikapiga hodi kama mwanafunzi. Kimya. Nikapiga tena. Kimya, lakini si kimya tupu. Nikasikia kitu kinaburutwa. Nikasikia ufagio. Nikasikia mkeka unakung'utwa, maji yanamiminwa kwenye beseni, Bi Stela anamhimiza binti yake. Na mimi nikiwa nje na aibu yangu nikawajua wale watu, dada. Ni sisi. Ni wewe na mkeka wako na mimi na maji yangu, na mama anatukimbiza. Sikuwahi kusimama upande ule wa mlango. Maisha yangu yote nilikuwa ndani, sikujua kwamba mgeni aliye nje anasikia kila kitu, na kwamba akisikia anajua ameshapokelewa.

Wakajibu kwa pamoja. Kaneza akasema maneno ya mama yetu, mama yake akasema kaze, yaani karibu ya kwao. Nilipoingia alikuwa amejifunga vizuri, kitambaa kichwani, na beseni iko mlangoni. Akaninawisha miguu Kaneza mwenyewe, niliyemfukuza. Nikamzuia, akakataa.

Ndipo nikaelezwa. Alimwambia bwana wa Nairobi ameelewa, kwa sababu alikuwa ameelewa, hakumwambia amekubali. Tangu siku ile ya visheti wao wawili, yeye na Shamila, walikuwa wanatafuta njia ya kuirudisha sauti, na jibu nililompa mimi kwenye mchele ndilo lililowafungulia. Mashine ya zamani, akasema, ilikuwa inamlazimisha mtu kungoja. Hii mpya ina mbio kiasi kwamba inaweza kutandika nyumba mbili kwa mara moja na mtu asijue. Kwa hiyo ameziweka zote mbili nyuma ya mlango mmoja. Mchezaji akisukuma aingie bila kungoja, hakatazwi, mlango unafunguka paa kama anavyotaka. Lakini anakuta mkeka umekunjwa, moto umezimwa, wenye nyumba wanageuza nyuso wajisitiri, hapati chakula wala habari za njia, na kesho yake binti anatembea na njaa. Akingoja sauti iishe, nyumba imetandikwa. Mashine haihitaji tena kungoja hata kidogo. Anayehitaji ni mtu. Niliyoyaona pale nilipousukuma mlango wa Bi Stela ndiyo hasa aliyokuwa ameyaweka kwenye TV, na aliponiona nimesimama pale alidhani gemu limetoka nje.

Kuficha laptopu nikauliza kwa nini. Hapo akamtazama mama yake. Shamila ndiye aliyemwapisha asiniambie mpaka kampuni ikubali, kwa sababu, haya ni maneno ya mwanangu mwenyewe, mama akijua leo, adhuhuri Kigwa wamejua. Kigwa wangejua kabla ya adhuhuri.

Bi Stela akanisimulia kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba walipoingia nchi hii alikuwa mtoto wa kushikwa mkono. Nyumba ya kwanza waliyopiga hodi hawakujibiwa mara moja. Baba yake akasema twendeni, tumekataliwa. Mama yake akasema ngoja, nasikia sufuria. Ndiyo maana, akasema, gemu la mabinti hawa yeye ndiye aliyelijaribu kwanza, na kila mlango anangoja, hata Kaneza akimwambia asukume aone itakuwaje anakataa. Dada, mimi nilikuwa namshuku mwanamke huyu kwamba ananyang'anya sauti ya mama, kumbe ndiye mtu pekee aliyekuwa anaingoja mpaka mwisho.

Nililala kwao siku ile. Nilirudi na Kaneza na mashine, meza yake iko pale pale, na nimemwekea mto kwenye kiti. Shamila alipofika nikamweleza mwenyewe kabla hajasikia kwa baba yake. Hakunicheka. Alisema sasa anajua sura ya kumpa binti pale anaposukuma mlango. Nimekataa wasiweke sura yangu, lakini siwaamini; nitaangalia. Kampuni walipolijaribu walinyamaza wiki mbili, nikawashuku sana, kisha wakaandika kwamba wachezaji wao wawili walikuwa wakisukuma kila mlango, na usiku wa tatu wa safari wakaanza kungoja bila kuambiwa. Hivyo ndivyo lilivyokubaliwa. Bi Shamimu nimeshamweleza. Alisema alijua tu. Alijua!

Sasa lililobaki ni lako, na ndilo lililonifanya nikuandikie. Nyumba ya mwisho ya gemu ni ya yule dada wa Ujiji anayepelekewa asali. Mlango uko, hodi iko, sauti hakuna. Kaneza alitaka nijibu mimi na hapo pia. Nikakataa, dada. Nikamwambia ukweli ambao sijauambia mtu tangu tumzike mama, kwamba mimi naigiza tu. Sauti ya mama aliichukua dada Tunu, akaondoka nayo Ujiji. Usijisifu sana, nimeiandika mara moja na sirudii.

Tumekubaliana hivi. Tutakusanyika hapa nyumbani ukoo mzima. Shangazi wa Goweko anakuja, wa Kigwa wanakuja, Bi Stela na watu wake wanatoka Ulyankulu, na wa Usoke wamekwisha kuuliza kama kuna nyama. Bi Shamimu atapika pilau, nitamsimamia. Wewe utafika mapema, utaingia ndani peke yako na mkeka na beseni, mlango tutaurudishia. Sisi wote tutasimama nje na vumbi letu, na Kaneza na kinasa chake, tutapiga hodi. Usitujibu upesi. Kawia kama mama. Tandika kweli, tusikie. Ukishakuwa tayari ndipo ujibu, na jibu hilo ndilo litakalobaki ndani ya gemu mwisho wa njia, kila mtu duniani atakayefika Ujiji na asali yake atalisikia.

Msalimie shemeji, mwambie mawese ya mara hii yalikuwa na maji na sisemi zaidi. Wajukuu wabusu. Baba Shamila anakusalimu kwa kukohoa, Shamila anakuamkia, Kaneza naye anakuamkia ingawa hujamjua. Utamjua kwa ukimya wake. Goti ulikande kwa mafuta ya moto ili uweze kuinama kutandika. Ni mimi mdogo wako, Mwanahawa, nitakayesimama mbele kabisa ya wote nje ya mlango, sijausukuma, Jumamosi, tarehe kumi na tatu Desemba.